Risala ya Wasafiri wa Zamu kwa Mama Hilaria, Aliyekuja London na Chakula Chake

Mgeni rasmi, Mama Hilaria Ccahuana, mjumbe wa baraza la kijiji cha Wailapukyo;
Mwalimu Benedicta, mfasiri wetu;
wazee wetu, ndugu wanachama, na watoto mliokaa safu ya mbele:

UKARIBISHO

Sisi wanachama wa Chama cha Wasafiri wa Zamu, tunaoishi Kingsbury, Tooting, Edmonton na mitaa ya jirani, tunakukaribisha kwa furaha katika ukumbi huu wa Kingsbury, leo Jumapili, tarehe 9 Septemba 1979. Umetoka mbali sana. Umepanda lori, gari moshi na ndege mbili, na hii ni mara yako ya kwanza kushuka kutoka milimani.

Tunakusomea kwa Kiswahili kwa sababu maalumu. Ulipotupokea kwako mara ya kwanza ulisema nasi Kikechua, lugha ya milimani kwenu, ingawa Kihispania unakijua, ukatuambia kwamba mgeni hupokewa kwa lugha ya jikoni. Majumbani mwetu tunasema Kigujarati, Kikachi, Kiluhya na vingine, lakini jikoni, tunapokutana sote, tunasema Kiswahili. Ndiyo lugha pekee ambayo hakuna afisa wa forodha aliyeikagua. Mwalimu Benedicta anakufasiria kutoka kwenye nakala ya Kihispania aliyoiandika Bi Kalpana, mwanzilishi wetu, kwa mkono wake. Aya zinazomhusu yeye mwenyewe aliziruka. Kamati ilimrudishia daftari, akaziandika.

Mgeni rasmi, tunaanza na jambo ambalo kwa desturi huwekwa mwisho. Umefika Jumatano. Leo ni siku ya tano, na katika nyumba yetu ya kwanza hujala chakula. Umekula ulichokuja nacho. Jumatano ijayo unarudi. Kama kamati tulijadili kwa muda mrefu iwapo ni adabu kulitaja hili mbele ya watu. Wajumbe wanne walisema si adabu, watano wakasema tukinyamaza tutakuwa tumesahau tulichojifunza kwako. Kwa hiyo tunalitaja, kwa heshima zote, na tunaomba utusikilize hadi mwisho.

TULIVYOANZA

Chama hiki kilianzishwa na Bi Kalpana Shah. Watoto wetu wanamjua kama mama mwenye duka la vitambaa kule barabarani. Wengi wao hawajui kwamba kule Nairobi alikuwa karani wa kampuni ya safari kwa miaka kumi na miwili. Yeye ndiye aliyepanga nani alale hema gani, gari gani libebe maji, na mkate uokwe siku gani ili usiote ukungu kabla ya kufika kambini. Wageni walimpenda kwa sababu hakusahau kitu.

Alifika London Februari 1968, wiki zile ambazo ndege zilijaa watu waliokuwa wakikimbizana na sheria mpya ya kuwafungia wahamiaji mlango. Alikuwa na sanduku moja na koti la kuazima. Katika foleni ya uwanja wa ndege alimsikia mwanamke mmoja akimwambia mwenzake, bila kupunguza sauti, "Na hawa nao, nani atawalisha?" Bi Kalpana hakugeuka. Alikuwa na mkate wake mkobani, na alipofika kwenye chumba alichopangishwa na shangazi yake aliula kwa chai bila maziwa, akajiwekea ahadi: katika nchi hii, na katika nchi yoyote nyingine, hatamlia mtu chakula chake. Hatakuwa mzigo. Aliitimiza ahadi hiyo kwa miaka sita. Akialikwa harusini alikuwa anakula nyumbani kwanza.

Baadaye alitaka kujifunza hati mkato katika darasa la jioni. Darasa lilikuwa limejaa. Karani akamwambia kilichobaki ni Kihispania au ufinyanzi, naye akachagua Kihispania kwa kuwa hakuwa na pa kuweka vyungu. Mwalimu wa darasa hilo alikuwa Mwalimu Benedicta, aliyeketi hapa, mwana wa Wailapukyo.

Siku moja Mwalimu aliwaeleza wanafunzi wake kuhusu kijiji chake. Ardhi iliyokuwa ya bwana mmoja ilikuwa imerudi kwa wanakijiji. Watalii walikuwa wakipita bondeni, wakilala hotelini, wakipandishwa kwa basi kupiga picha na kushushwa kabla ya chakula cha mchana. Baraza la kijiji likaamua kwamba anayetaka kuiona Wailapukyo alale Wailapukyo, katika nyumba za watu, kwa zamu, nyumba baada ya nyumba, ili asiwepo anayenufaika peke yake. Uamuzi ulikuwa mzuri. Shida ilikuwa moja tu.

"Wamekuja wangapi?" Bi Kalpana aliuliza.

"Mpaka sasa? Padri mmoja. Alipotea njia."

Bi Kalpana alifunga daftari lake. "Mwalimu," alisema, "kupanga vitenzi sijui. Kupanga watu kwenda mahali, hiyo kazi naijua."

KOSA LETU LA MWAKA 1974

Mgeni rasmi, sehemu hii unaijua kuliko sisi. Tunaisoma kwa ajili ya watoto, na kwa sababu ya siku hizi tano.

Tulikuwa watu kumi na mmoja. Kati yetu alikuwamo Bwana Alnashir, aliyefika kutoka Kampala mwaka 1972 na kukaa miezi minne katika kambi ya wakimbizi, akilishwa kwa foleni na sahani ya bati. Alikuwamo Bwana Naftali, muuguzi wa Edmonton, mzaliwa wa Kakamega. Alikuwamo Bi Mwatima Abdulwakil, aliyetoka Unguja mwaka 1964 na mtoto mgongoni. Kila mmoja wetu alikuwa amewahi kuambiwa, kwa maneno au kwa macho, kwamba anakula cha wenyewe.

Bi Kalpana akatupangia safari kama alivyopanga za mbugani. Theluthi mbili za mizigo yetu zilikuwa chakula: thepla, yaani chapati za viungo za kukaa wiki mbili, chevdo za kutafuna, achari ya embe, unga wa dengu, majani ya chai, na majiko matatu madogo ya mafuta ya taa.

"Kalpanaben," Bwana Alnashir alimuuliza akiwa amekalia sanduku ili lifunge, "tunatembea au tunahama?"

"Tunajitegemea."

"Mimi nilipohama sikubeba hata nusu ya hivi."

"Ndiyo maana ulilishwa kwa foleni, Alnashirbhai. Kaa vizuri, kufuli halijaingia."

Tulifika tukiwa hatuna pumzi. Bwana Naftali alitupima mapigo ya moyo mmoja mmoja pale kwenye uwanja wa kijiji, na yeye mwenyewe akalazimika kuketi. Mlitugawa katika nyumba tano za kwanza, na Bi Kalpana na Bi Mwatima wakapewa nyumba yako. Mlitupa mablanketi. Tukashukuru, tukawasha majiko yetu uani, tukapika vyetu. Tulidhani tunafanya wema.

Hatukujua habari za ubao. Ukutani mwa nyumba ya baraza kuna ubao wenye matundu ishirini na mawili, kila nyumba na tundu lake, na vigingi vya wageni vinavyosogezwa na mzee wa zamu. Kigingi hakisogei kwa sababu mgeni amelala. Kinasogea mgeni akishakula. Nyumba ambayo mgeni hakula haijampokea mtu, zamu yake haijaisha, na nyumba inayofuata haiwezi kuanza.

Siku ya kwanza vigingi havikusogea. Siku ya pili pia. Siku ya tatu asubuhi, wanawake wa nyumba tano zilizofuata walikuja wakasimama chini ya ubao na aproni zao za sikukuu, wakitutazama tukikaanga dengu. Mzee wa zamu, Bwana Fortunato, alikwenda kwa Mwalimu Benedicta akamwambia bila hasira kwamba lori la Jumamosi lina nafasi kumi na moja. Kijiji hakikuwa na ugomvi nasi. Kilikuwa kimeona kwamba hatukitaki.

Mwalimu alipomweleza Bi Kalpana, alisikiliza akiwa ameshika kifuniko cha sufuria. Alizima jiko lake. Alituambia baadaye kwamba hatua kutoka uani hadi mlango wa jiko lako hazizidi nane, na kwamba zile za kushuka kwenye ndege mwaka 1968 zilikuwa rahisi kuliko hizo.

Ulikuwa umeketi karibu na mafiga yasiyo na moto. Siku mbili ulipika, ukawagawia majirani. Siku ya tatu hukuwasha. Ulimwangalia, ukauliza swali ambalo Mwalimu alisita kulifasiri.

"Anauliza kama nyumba yake inanuka."

Bi Kalpana alikaa chini, pale pale, penye simbilisi wa kufugwa wanaokimbia kimbia. "Mwambie sivyo. Mwambie naogopa kuwa mzigo."

Ukauliza, "Nani amekwambia u mzigo?"

"Watu."

"Watu wa hapa?"

"La. Wa kule tunakotoka."

"Basi hao ulizaneni nao huko huko," ukasema. "Hapa kaa ule."

Ukafungua gunia la kwanza. Vilikuwa viazi. Ukafungua la pili, viazi vyeupe vilivyokaushwa kwa baridi. Ukampangia mbele yake aina kumi na nne, vyekundu, vyeusi, vya manjano, kimoja kirefu kama kidole, na kwa kila kimoja ukamtajia jina na shamba kilikotoka. Bi Kalpana akavitazama vyote, machozi yakamtoka. Dini yake haimruhusu kula kinachoota chini ya udongo, kwa kuwa ukikichimba unaua mmea mzima na viumbe vidogo vilivyo kwenye mizizi. Hajawahi kula kitunguu, sembuse kiazi.

Mwalimu alikufasiria. Ulimtazama kama mtu aliyeambiwa kwamba mgeni wake hapumui.

"Na bado mnaishi?" ukauliza.

Bi Mwatima, aliyekuwa mlangoni, akaangua kicheko. "Shoga, ndiyo kwanza umekubali kula, na hapa pana viazi vitupu. Mie leo nakufa."

Hukucheka. Ulianza kufungua magunia mengine, moja moja, ukimwonyesha, na yeye akitikisa kichwa au akiinamisha. Mzizi huu, hapana. Mzizi ule, hapana. Ulifika gunia la mwisho, lililokuwa nyuma ya kuni, ukatoa mahindi meupe yenye punje kubwa kama jino la farasi, na maharage. Ukawasha moto. Tuliokuwa nje tuliona moshi, tukasogea.

Yalipoiva, Bwana Naftali alichungulia ndani ya chungu. "Mama," alimwambia Bi Kalpana, "hii ni githeri. Githeri kabisa. Hawa wameijulia wapi?"

Bi Kalpana akala. Akamaliza bakuli, akanyoosha mkono akaomba la pili, na huko kuomba, Mgeni rasmi, ndiko tunakokuhesabu kuwa siku ya kuzaliwa kwa chama chetu. Hakuwa ameomba chakula kwa mtu yeyote kwa miaka sita.

Sisi wengine nasi tukaenda kula katika nyumba tulizopewa, na Bwana Fortunato akasogeza vigingi. Mama wa nyumba iliyofuata hakungoja. Alimshika Bwana Naftali kwa mkono wa koti akaondoka naye. Kwa siku zilizobaki tulikula katika nyumba zote. Kuna siku Bwana Alnashir alikula chakula cha mchana mara tatu. Majiko yetu ya mafuta tuliyaacha shuleni, na thepla zetu mlizila nyinyi, mkasema ni nzuri ila hazina chumvi.

MAFANIKIO

Tangu siku ile hatujabeba chakula. Chama chetu cha watu kumi na mmoja sasa kina wanachama mia moja na sitini, na vikundi kumi na tatu vimekuja kwenu. Kila kikundi kinapoondoka London tunakagua masanduku. Mwaka juzi Bwana Yogesh wa Tooting alikutwa na chupa mbili za achari. Alijitetea kwamba ni dawa. Zikabaki.

Kwa upande wenu, ubao wa zamu umeongezwa matundu kutoka ishirini na mawili hadi arobaini na moja, kwa sababu hata nyumba za juu kabisa, za wachunga alpaka, wale wanyama wa sufu, zimeomba kuingia. Mmevuta maji hadi shuleni. Wafumaji wenu wana nyumba yao ya kufumia na wanauza wenyewe, bila mtu wa kati. Vijana saba waliokwenda kutafuta kazi Lima, mji mkuu wenu, wamerudi, na wawili kati yao ndio wanaotuongoza njiani. Hoteli ya bondeni ilipotaka kuwachukua wageni wetu wote na kuwapandisha kwa basi, mliitisha baraza, mkakataa. Barua kama hiyo ilipotufikia sisi hapa, nasi tulikataa. Majibu yetu yalipishana njiani. Hatukuwa tumeulizana. Tunajivunia jambo hilo kuliko yote.

Kwa upande wetu, tulijifunza jambo moja kisha likazaa mengine. Watu waliokuwa wakipita karibu karibu na nyumba za wenzao bila kubisha hodi sasa wana zamu. Jumapili moja Edmonton, nyingine Kingsbury, nyingine Tooting. Mjane aliyefika mwezi uliopita kutoka Mombasa, Bi Jokha, alikuwa amekula katika nyumba sita kabla hajafungua sanduku lake. Hakuuliza nani atamlisha.

MATATIZO

Hatuna mengi ya kulalamikia. Barua kutoka kwenu huchukua wiki sita, na nyingine hufika zimelowa. Baadhi ya wazee wetu hawawezi tena kupanda mlima wenu. Watoto wetu tukiwasemesha Kiswahili wanajibu Kiingereza, ingawa leo tumewaona wakicheka mahali panapostahili, kwa hiyo wanasikia.

Tatizo kubwa ni lile tulilolitaja mwanzo. Ulipofika kwa Bi Mwatima kule Edmonton ulishuka na gunia la viazi vikavu, mfuko wa mahindi ya kukaanga na blanketi lako. Kitanda kipya hukukilalia. Ulilala chini, kando yake. Siku ya pili Bi Mwatima alimpigia simu Bi Kalpana.

"Shoga, mgeni wako anatafuna bisi."

"Umempikia nini?"

"Nimpikie nini tena? Wali wa nazi, samaki wa kupaka, mchicha. Ameutazama wali kama unavyotazama picha ya harusi ya watu. Kisha akanishukuru."

Bi Kalpana alijua amemwona wapi mtu huyo: uani kwako, mwaka 1974, na alikuwa yeye mwenyewe.

Mwalimu Benedicta alikuuliza kwa upole, nawe ukamwambia ukweli. Baraza lenu lilikutuma na chakula kwa sababu lilisikia kwamba sisi ni watu tuliofukuzwa, tulioacha nyumba na mashamba, na tunaoishi katika nchi isiyo yetu. Mlisema haifai kwenda kuwalia watu kama hao.

Tunalishukuru baraza kwa huruma hiyo. Hatuilaumu. Sisi tuliwafanyia hivyo hivyo, kwa nia hiyo hiyo.

Lakini tunaomba uliambie baraza ulichokiona. Umeona milango yetu ina majina yetu. Umeona Bwana Naftali ni msimamizi wa wodi. Umemwona Bwana Alnashir, aliyelishwa kwa sahani ya bati, akikuonyesha bustani yake ya nyuma na nyanya zake nne kana kwamba ni shamba la miwa. Tulifukuzwa, ni kweli. Tumeshafika.

MAOMBI

Ombi letu la kwanza ni kwa baraza. Tunaomba nyumba zetu kumi na tisa za London ziingizwe kwenye ubao wenu, na kila mwaka mtuletee wageni wawili kwa zamu, bila magunia. Mkisema ubao umejaa, Bwana Yogesh, ambaye ni seremala, yuko tayari kuja kuurefusha.

Ombi la pili ni kwako wewe.

Tumefuata desturi yenu hapa. Nyumba ya Bi Mwatima ndiyo ya kwanza, na ya Bi Kalpana ndiyo inayofuata. Kwa kuwa hujala kwa wa kwanza, hatuwezi kukupeleka kwa wa pili, na zimebaki siku tatu. Bi Kalpana amekungoja kwa miaka mitano. Amepaka rangi chumba. Hakutaka tuseme hivyo, lakini amekipaka mara mbili, kwa sababu ya kwanza aliiona baridi.

Kwa sasa hayupo ukumbini. Yuko jikoni, nyuma ya mlango ule wa kijani, pamoja na Bi Mwatima, tangu asubuhi. Wali wa nazi ni wa Bi Mwatima. Chungu cha pili ni cha Bi Kalpana, nacho ni viazi. Alinunua sufuria mpya na kisu kipya kwa ajili hiyo, kwa kuwa vyake haviwezi kugusa vitu hivyo. Bi Mwatima alitaka kummenyea.

"Lete," alimwambia, "mie vinanihusu nini? Nitamenya, wewe geuza uso."

"Hapana. Yeye alifungua magunia yote mbele yangu. Vya kwake nitamenya mwenyewe."

"Haya. Na chumvi? Utaonjaje, na wewe huvitii kinywani?"

"Sitaonja," alisema Bi Kalpana. "Ataonja yeye, aniambie."

Mgeni rasmi, huyo ni mwanamke ambaye katika maisha yake hajawahi kukipeleka mezani chakula asichokipima kwanza. Hajui kama kimekolea. Katika ukumbi huu wote hakuna anayeweza kumwambia, kwa sababu tumekubaliana kwamba hakuna atakayegusa chungu hicho kabla yako.

Kwa hiyo tukimaliza kusoma hatutapiga makofi, na hatutakuomba hotuba. Mlango utafunguliwa, sahani ya wali na viazi itawekwa mbele yako, na sisi tutangoja. Kikiwa chapwa, sema ni chapwa. Chumvi iko mezani.

Mungu, kwa kila jina tunalomwita katika ukumbi huu na kwa lile mnalomwita nyinyi kule juu, awape mvua kwa wakati wake, aziepushe nyumba zenu arobaini na moja na baridi kali, akurudishe kwa mumeo na wanao ukiwa umeshiba.

Karibu chakula, Mama Hilaria.

Ni sisi,
Chama cha Wasafiri wa Zamu, London.

Imesomwa kwa niaba ya wanachama na katibu, Himid Msabaha.